Saa ya kompyuta iulizwe kwa amri kabla ya kusogezwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nitoe maoni yanayotofautiana na ya msomaji mwenzangu wa hapa Arusha, ambaye hivi karibuni aliwashauri wenye ofisi kwamba kompyuta ikionyesha saa isiyo sahihi, wabofye kona ya skrini, waisogeze mpaka ifanane na saa ya simu, kisha waendelee na kazi zao. Sina shaka na nia yake. Kompyuta ya nyumbani inayotumika kuandikia barua na kutazamia picha haitapata madhara makubwa kwa kutendewa hivyo. Lakini kompyuta inayotunza kumbukumbu za watu wengine, iwe ya zahanati, ya duka la jumla, ya shule au ya kampuni inayopeleka wageni mbugani, haifai kusogezwa saa yake kabla ya kujulikana kilichoharibika ni nini, na jambo hilo halionekani kwenye kona ya skrini hata mtu akikodoa macho kutwa nzima. Huulizwa kwa amri chache zinazoandikwa katika lile dirisha jeusi ambalo wengi wetu hulikwepa tukidhani ni la mafundi peke yao.

Ili hoja yangu ieleweke, sina budi kueleza kwanza namna kompyuta inavyotunza muda. Ndani yake hakuna saa nane wala saa tatu. Mifumo ya kuendeshea kompyuta ya jamii ya Unix, ikiwamo Linux inayoendesha seva nyingi, huhesabu sekunde zilizopita tangu ilipoanza tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za dunia, yaani UTC, na hesabu hiyo ni moja tu iwe kompyuta iko Moshi, Mumbai au Montreal. Kando ya hesabu kuna kanuni ya ukanda wa saa, ambayo kazi yake ni kuigeuza hesabu iwe saa ya ukutani ya mahali fulani. Kwetu sisi kanuni hiyo huongeza saa 3. Mwenye Linux iliyopangwa kwa saa zetu akiandika "date -d @0", akitaka kuonyeshwa sekunde ile ya sifuri, atajibiwa kuwa ilikuwa Alhamisi tarehe 1 Januari 1970 saa 03:00, yaani saa tisa usiku, kwa sababu hesabu ilipoanzia usiku wa manane wa Greenwich, huku kwetu majogoo ya kwanza yalikuwa yanakaribia. Basi saa inayoonekana kwenye skrini ni zao la vitu viwili, hesabu na kanuni. Ikikosea, mtu hana budi kujua ni kipi kati ya hivyo kilichokosea, kwa maana kukirekebisha kisicho na kosa huzaa kosa la pili juu ya lile la kwanza.

Chukua mfano ulio wa kawaida mno. Kampuni imekodi seva iliyoko nje ya nchi, na seva za namna hiyo aghalabu hukabidhiwa zikiwa zimepangwa kwa UTC. Saa nane mchana, yaani 14:00, fundi anaingia ndani yake na kukuta imeandikwa 11:00. Hesabu ya sekunde iko sawa kabisa. Kinachokosekana ni kanuni ya Afrika Mashariki. Fundi mwenye haraka anaisogeza saa mbele kwa saa 3, uso wa saa unapendeza, mteja anaridhika, na kuanzia hapo seva inaamini kwamba ulimwengu mzima uko saa 3 mbele ya ulipo. Barua pepe zake zinawafikia wapokeaji zikiwa na saa ambayo bado haijafika. Zile namba za tarakimu sita zinazobadilika kila baada ya sekunde 30 kwenye simu ya mfanyakazi, ambazo huombwa baada ya nenosiri, zinakataliwa moja kwa moja, kwa kuwa hukokotolewa kutokana na saa za dunia na si kutokana na saa ya ukutani. Mitandao ya ofisi inayotumia Kerberos kuwathibitisha watumiaji kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5, hivyo tofauti ya saa 3 ni sawa na kufungiwa mlango. Anayekumbwa na matatizo hayo atalaumu simu, atalaumu mtandao, atalaumu hata mfanyakazi aliyesahau nenosiri, lakini hatailaumu saa, kwa sababu saa anayoiona mbele yake ni sahihi.

Kulitambua kosa hilo ni kazi ya amri mbili. Amri ya "date" huonyesha saa ya mahali jinsi kompyuta inavyoielewa, na amri ya "date -u" huonyesha saa za dunia. Mtu achukue simu yake, atoe saa 3 katika saa anayoiona, kisha alinganishe na jibu la "date -u". Vikilingana, hesabu ni nzima na lililobaki ni kuangalia kanuni. Lakini ikiwa "date" inafanana na simu, na "date -u" nayo inafanana na simu, basi huko nyuma kuna mkono uliopita ukasogeza. Anayetaka jibu fupi zaidi kuhusu kanuni peke yake ataandika "date +%z": kompyuta ya Tanzania inapaswa kujibu +0300, na ikijibu +0000 iko kwenye UTC.

Linux nyingi za miaka ya karibuni zina amri nyingine inayokusanya habari hizi zote mahali pamoja, nayo ni "timedatectl". Ukiiandika bila nyongeza yoyote, unapata mistari saba. Mitatu ya mwanzo ni saa ya mahali, saa za dunia, na saa ya kifaa chenyewe kilichomo katika bodi kuu ya kompyuta. Mstari wa nne ndio wa kanuni, na kwetu unapaswa kusomeka Africa/Dar_es_Salaam, EAT, +0300. Wa tano unasema kama saa imeoanishwa na seva za mtandaoni zinazotoa saa sahihi, kwa ndiyo au hapana, na wa sita unasema kama huduma ya kuoanisha inafanya kazi. Mistari hii miwili husomwa pamoja, na hapo ndipo nimewaona hata watu wenye uzoefu wakipitiwa. Huduma inaweza kuwa hai, lakini saa ikawa haijaoanishwa, kwa sababu maombi ya muda hutoka kwa itifaki ya NTP kupitia mlango namba 123 wa UDP, na kizuizi cha mtandao wa ofisi kikiwa kimeufunga mlango huo, huduma inabisha hodi usiku na mchana bila kuitikiwa. Ukiona huduma iko hai na saa haijaoanishwa, usihangaike na kompyuta. Mfuate anayesimamia mtandao. Penye chrony, programu nyingine ya kuoanisha saa, amri ya "chronyc tracking" itaeleza pia ni sehemu gani ya sekunde iliyokosekana na seva gani inafuatwa.

Jambo linalonifurahisha katika "timedatectl" ni kwamba yenyewe hukataa ule ushauri wa mwenzangu. Ukijaribu kuisogeza saa kwa "timedatectl set-time" wakati huduma ya kuoanisha imewashwa, inagoma na kueleza kwamba saa inaoanishwa kiotomatiki. Fundi asiyesoma ujumbe huo hadi mwisho huizima huduma kwanza, kisha anasogeza, na ndipo kosa moja linapogeuka kuwa mawili: hesabu imepotoshwa, na kilichokuwa kikiirudisha kwenye mstari kimezimwa. Ile programu ya zamani ya kuoanisha saa, ntpd, ambayo bado ipo kwenye seva nyingi zilizochakaa, ina ukali wa aina yake, kwani ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1000 haijaribu kurekebisha chochote, inajizima.

Njia iliyo sahihi kwa mfano wa seva ya UTC ni amri moja, "timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam", ambayo huiacha hesabu ya sekunde kama ilivyo na kubadilisha kanuni tu. Jina la jiji liandikwe hivyo hivyo, na vistari vyake vya chini. Hakuna ukanda unaoitwa Africa/Arusha wala Africa/Moshi, na hapa pana mtego unaotuhusu sisi wa kaskazini moja kwa moja. "timedatectl" ukiipa jina la Africa/Arusha italikataa waziwazi. Lakini mtu akiandika "TZ=Africa/Arusha date", Linux ya kawaida hailalamiki hata kidogo: inampa saa za UTC na kuzibandika neno Africa pembeni, kana kwamba amepata alichokitaka. Nami ningependa kompyuta ipige kelele inapokutana na jina isilolijua, lakini desturi hiyo ni ya siku nyingi na sitegemei ibadilike. Kwa hiyo anayeweka kwa mkono kigezo cha TZ, yaani kile kinachotaja ukanda wa kufuatwa, ahakikishe jina kwa "timedatectl list-timezones", na anayeikuta seva iliyowekwa na mwingine aandike "echo $TZ" aone kama kuna kigezo kilichojificha, kwa kuwa kigezo hicho huishinda kanuni ya mfumo mzima kwa yule mtumiaji aliyekiweka.

Nije sasa kwenye kosa ambalo kwa maoni yangu ni la hatari kuliko yote kwa msemaji wa Kiswahili, na sijaona likiandikwa mahali popote kwa ajili yetu. Katika orodha ya kanda za saa kuna majina yanayoanza na Etc, na miongoni mwake kuna Etc/GMT+3 na Etc/GMT-3. Mtanzania anayejua kwamba nchi yake iko saa 3 mbele ya Greenwich atachagua bila kusita lile lenye alama ya kujumlisha. Kumbe majina hayo hufuata desturi ya zamani ya Unix inayohesabu saa kuelekea magharibi, hivyo alama zake ziko kinyume: Etc/GMT+3 ni saa 3 nyuma ya Greenwich, sawa na Buenos Aires, na Etc/GMT-3 ndiyo inayolingana na sisi. Aliyechagua la kujumlisha amejitupa saa 6 nyuma.

Saa 6 ni tofauti kubwa, na mtu angetarajia igundulike siku hiyo hiyo. Haigunduliki, kwa sababu saa 6 ndiyo tofauti iliyopo kati ya usomaji wetu wa saa na ule wa Kizungu. Ikiwa ni saa nane mchana, kompyuta iliyokosea namna hiyo itaandika 8:00. Ikiwa ni saa mbili asubuhi, itaandika 2:00. Karani anatupia jicho, anaona nane, anajua ni saa nane, anaendelea kuhudumia watu, na kinachoweza kumshtua ni zile herufi za AM na PM ambazo watu wengi hawazitazami. Mhasibu anayefika jioni naye anakuta saa inayoendana na azana. Kosa linakaa hapo miezi, na kadiri siku zinavyopita ndivyo kumbukumbu nyingi zaidi zinavyochafuka.

Linachofanya kosa hilo ni kuharibu tarehe. Kila kinachoandikwa kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi huingia katika tarehe ya jana. Mtoto anayezaliwa zahanati saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai ataandikwa kuwa amezaliwa tarehe 30 Juni saa 21:00, na dawa zilizotumika kwa mama yake zitahesabiwa katika mwaka wa fedha uliokwisha, maana mwaka wetu wa fedha huanza tarehe hiyo ya 1 Julai. Baa inayofunga saa nane usiku itaonekana katika vitabu kama imefunga jioni. Nimelikuta kosa hili katika ofisi moja ya hapa mjini ambayo sitaitaja, na hawakuligundua kwa kutazama saa: walilalamika kwamba intaneti huwa nzito kila siku saa mbili asubuhi, wakawa wamekwisha kugombana na mtoa huduma. Kazi ya kunakili kumbukumbu kwenda seva ya nje, ambayo ilipangwa ianze 02:00 wakati watu wamelala, ilikuwa ikianza 08:00 ya kwetu wakati ofisi inafunguliwa. "date +%z" ilijibu -0300 na mjadala ukaishia hapo.

Kwa upande wa Windows, ambayo ndiyo iliyojaa kwenye meza za ofisi zetu, amri ni tofauti lakini maswali ni yale yale. "tzutil /g" hutaja kanuni inayotumika, na jibu linalotufaa ni E. Africa Standard Time. "w32tm /query /source" hutaja seva inayofuatwa. Jibu likiwa Local CMOS Clock, kompyuta hiyo haifuati chochote isipokuwa nafsi yake. Tatizo la Windows ni kwamba katika orodha yake hakuna jina la Dar es Salaam wala la mji wowote wa Tanzania, kwa kuwa ukanda wetu umewekwa chini ya jina la Nairobi. Asiyelijua hilo hutafuta chochote chenye +03:00, akaangukia Baghdad, Riyadh au Moscow, na leo saa inafanana. Haifanani milele. Urusi ilipobadilisha saa zake, Moscow ikawa +4 kuanzia Machi 2011 hadi Oktoba 2014, na kompyuta za Afrika Mashariki zilizokuwa zimejificha chini ya jina hilo zikahama nayo. Anayechagua Athens mwezi Juni kwa kuwa wakati huo saa zinalingana atakuta Oktoba imemwacha saa 1 nyuma. Kanuni ichaguliwe kwa jina la mahali mtu alipo, hata namba zikifanana na za kwingine. "tzutil /s" ikifuatiwa na jina lile la Afrika Mashariki ndani ya alama za kunukuu hulimaliza jambo hilo, na "w32tm /resync" huiambia kompyuta ioanishe saa sasa hivi.

Arusha ina sababu yake ya pekee ya kuyajali majina haya. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa, na nchi wanachama wake hazitumii saa moja. Tanzania, Kenya, Uganda na Somalia ziko +3. Rwanda, Burundi na Sudan Kusini ziko +2. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imegawanyika, Lubumbashi ikiwa +2 na Kinshasa ikiwa +1. Sudan Kusini yenyewe ilikuwa pamoja nasi katika +3 hadi ilipohama tarehe 1 Februari 2021. Mabadiliko kama hayo huifikia kompyuta kupitia hifadhidata ya kanda za saa, ambayo ilianzishwa na kutunzwa kwa miaka mingi na Arthur David Olson na tangu 2011 inahifadhiwa chini ya IANA, taasisi inayoratibu majina na namba za intaneti, na kompyuta isiyosasishwa tangu kabla ya tarehe hiyo bado inaamini kwamba Juba na Arusha ni saa moja. Kuipima ni rahisi: andika "TZ=Africa/Juba date +%z". Jibu likiwa +0300, hifadhidata imezeeka, na huenda yako mengine yaliyozeeka pamoja nayo.

Hifadhidata hiyo hutunza na ya kale, na anayependa historia atapata burudani ndogo. Akiandika "TZ=Africa/Nairobi date -d 1941-06-01 +%z" atajibiwa +0245, kwa sababu wakati huo Kenya ilikuwa saa 2 na dakika 45 mbele ya Greenwich.

Kampuni za utalii nazo zina hesabu yao. Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani hufanya hivyo Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, nasi hatusogezi kabisa. Kwa hiyo tofauti ya Arusha na Berlin ni saa 2 wakati wa baridi na saa 1 wakati wa kiangazi, na ya Arusha na New York ni 8 au 7, na katikati ya Machi zipo wiki ambazo New York imekwisha kusogea na Berlin bado. Mfanyakazi anayepanga mazungumzo na mteja wa Ujerumani kwa kukumbuka tofauti ya mwezi uliopita atamkosa. Linux humfanyia hesabu: date -d 'TZ="Europe/Berlin" 2026-03-27 18:00' hujibu 20:00 ya kwetu, yaani saa mbili usiku, na ukibadilisha tarehe iwe 2026-03-30 unajibiwa 19:00, saa moja. Mteja hajabadilisha chochote, na mwenyeji wake huku amepoteza saa nzima asipouliza.

Nirudi kwenye hesabu yenyewe ya sekunde, maana nayo hukosea. Kompyuta ikizimwa, muda hutunzwa na saa ndogo ya kwenye bodi kuu, inayoendeshwa na kioo kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde na kulishwa na betri bapa ya volti 3 aina ya CR2032. Kioo cha bei ya kawaida kinaweza kupotea karibu dakika moja kwa mwezi, na kompyuta isiyooanishwa mwaka mzima haishangazi ikiwa na dakika kumi pungufu au za ziada. Betri ikifa, kila umeme unapokatika saa hurudi miaka mingi nyuma, na dalili ya kwanza anayoiona mtumiaji ni kivinjari kukataa kufungua tovuti za benki kwa madai kwamba vyeti vyake vya usalama bado havijaanza kutumika. Hapo hakuna kanuni ya kubadilisha, inunuliwe betri. Amri ya "hwclock --show", ikiandikwa kwa mamlaka ya msimamizi, husoma saa hiyo ya kifaa, na mstari wa saba wa "timedatectl" husema kama saa ya kifaa imewekwa kwa saa za mahali. Kompyuta zenye Windows na Linux pamoja husumbuka hapo, kwa kuwa Windows huiandika saa ya kifaa kwa saa za mahali na Linux huitarajia iwe UTC, hivyo kila ukihama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine saa 3 zinaongezeka au zinapungua.

Kuna tabaka za juu ambazo nitazipitia kwa ufupi. Hifadhidata ya MySQL ina kanuni yake, na huulizwa kwa "SELECT NOW(), UTC_TIMESTAMP();" ili tofauti ya saa 3 ionekane. PHP, lugha inayotumika kuandikia tovuti nyingi, ina yake katika faili lake la mipangilio. Programu zilizofungashwa ndani ya kontena kwa kawaida huamka zikiwa kwenye UTC hata kama kompyuta iliyozibeba imepangwa vizuri. Na programu iliyokuwa tayari inaendeshwa wakati kanuni inabadilishwa yaweza kubaki na kanuni ya zamani mpaka izimwe na kuwashwa, ikiwamo cron, ambayo ndiyo huanzisha kazi za usiku.

Neno kwa wale ambao saa zao zimekwisha kusogezwa kwa mkono. Msikimbilie kurekebisha mchana wa kazi. Saa iliyosukumwa mbele kwa saa 3 ikirudishwa mahali pake, seva itaishi tena saa 3 ambazo imekwisha kuziishi, na mauzo ya alasiri yatajipanga katikati ya mauzo ya asubuhi, stakabadhi namba 40 ikionekana kutangulia stakabadhi namba 12. Funga biashara kwanza, nakili kumbukumbu, simamisha programu ya mauzo, weka kanuni ya Dar es Salaam, kisha washa uoanishaji kwa "timedatectl set-ntp true", na usiifungue programu hiyo mpaka saa sahihi iwe imeipita ile iliyoandikwa kwenye muamala wa mwisho. Andika pia kwenye daftari la ofisi siku na saa ya marekebisho, kwa kuwa mkaguzi wa hesabu atakayekuja mwakani atauliza.

Ninaloliomba kwa wenye zahanati, maduka na kampuni za huku kwetu ni dogo. Fundi anapokabidhi kompyuta au seva, hati ya makabidhiano iwe na majibu ya "date", "date -u" na "timedatectl" yaliyochapishwa siku hiyo hiyo, au ya "tzutil /g" na "w32tm /query /source" kama ni Windows. Mwenye ofisi asiyeijua Linux anaweza kuishika karatasi hiyo mwenyewe, akatazama simu yake, na kutoa 3 katika 14.

Msomaji wenu,
Njiro, Arusha